Kusoma kumbukumbu za simu za 911 kabla ya kuunda timu ya dharura za afya ya akili

Mji au kaunti nchini Marekani ikiamua kwamba mtu aliyezidiwa na maradhi ya akili afikiwe na mhudumu wa afya badala ya askari mwenye bunduki, swali la kwanza kikaoni huwa moja: simu za namna hiyo zinazoingia 911, namba ya dharura ya nchi hiyo, ni ngapi? Mtaalamu wa takwimu anafungua mfumo, anachuja msimbo wa "afya ya akili", anapata asilimia ndogo, na kikao kinakubaliana kwamba gari moja lenye watu wawili, mchana, siku za kazi, linatosha. Miezi michache baadaye timu inalalamika haipati kazi, na askari nao wanalalamika kwamba mzigo wao haujapungua hata kidogo. Pande zote mbili zinasema kweli. Tatizo ni kwamba msimbo wa simu haukutengenezwa ili kuhesabu wagonjwa. Ulitengenezwa ili kumwambia anayetuma vikosi ampeleke nani na kwa haraka gani.

Mpokea simu huuchagua msimbo huo mapema sana kwenye mazungumzo, akitegemea maneno ya mtu ambaye mara nyingi si mgonjwa mwenyewe. Ni jirani, mwenye duka, dereva aliyekuwa akipita. Mwenye duka hatasema kuna mtu mwenye skizofrenia mlangoni pake. Atasema kuna mtu hataki kuondoka, na simu itaingia kama "mtu asiyetakiwa mahali". Mama ambaye mwanawe hajalala siku nne na anavunja vyombo ataandikiwa ugomvi wa nyumbani. Dada ambaye kaka yake aliaga kwa ujumbe wa kutisha na sasa hapokei simu ataandikiwa "kumjulia hali mtu". Ukichuja msimbo mmoja tu, watu hawa wote hawamo.

Hili hapa ni tukio tulilolitunga kwa ajili ya maelezo, lakini limepangwa kama mtu anavyoyaona matukio ndani ya CAD, yaani programu ya kupokea simu na kutuma vikosi:

19:42 simu imepokelewa. 19:43 imeingia kwenye foleni, msimbo FUJO, kipaumbele cha 2. 19:44 maelezo: mwanamume anapiga kelele nje ya duka, anaongea peke yake. 19:46 maelezo: mpigaji hajaona silaha. 19:58 gari la kwanza limetumwa. 19:59 gari la pili limetumwa. 20:07 wamefika. 20:31 maelezo: anajulikana, ameacha dawa, amekubali kwenda hospitali. 20:52 wamefika hospitali. 22:20 magari yote mawili yako huru. Msimbo wa mwisho: FUJO. Matokeo: hakuna ripoti.

Kwenye jedwali la misimbo, hili ni tukio la fujo lililoisha bila ripoti. Mchambuzi anayehesabu kwa msimbo, wa mwanzo au wa mwisho, hatalikuta. Lakini mistari mitatu ya maelezo inasema kila kitu kinachohitajika: dalili, hakuna silaha iliyoonekana, mtu alikubali msaada. Saa nazo zinasema jambo la pili. Magari mawili yalishikwa kwa jumla ya dakika 283, karibu saa tano za doria, na katika hizo kila gari lilikaa hospitali dakika 88 likisubiri mgonjwa apokelewe. Mji wenye matukio mengi ya aina hii una shida mbili, na gari jipya mtaani linatibu moja tu. Ya pili inahitaji kituo cha kupokea wagonjwa ambacho hakimweki askari kwenye korido.

Kwa hiyo unapoomba data usiombe "idadi ya simu za afya ya akili". Omba matukio yote, mstari kwa mstari, kwa miezi 12 kamili angalau, na 24 ikiwezekana ili majira yaonekane mara mbili. Omba namba ya tukio, chanzo cha simu, msimbo wa mwanzo na wa mwisho, kipaumbele, matokeo, mahali, orodha ya magari yaliyotumwa, na saa zote: kupokelewa, kuingia foleni, kutumwa, kuanza safari, kufika, kuwa huru. Omba pia maelezo ya maandishi. Hapo ndipo utakapopata upinzani, na upinzani huo una sababu. Maelezo yana majina, namba za simu, na wakati mwingine majibu ya upekuzi wa rekodi za jinai, ambazo zinalindwa na sera ya usalama ya CJIS, kitengo cha FBI cha taarifa za jinai. Kwa kawaida idara ya polisi haibanwi na HIPAA, sheria ya faragha ya taarifa za afya, ila huduma ya gari la wagonjwa inayolipisha bima inabanwa, kwa hiyo siku mtakapounganisha data hizo mbili mnahitaji mkataba wa maandishi. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kumwacha mchambuzi wa idara yenyewe asomee maelezo ndani ya jengo, na majibu ya dodoso pekee ndiyo yatoke nje. Mkataba huu ndio unaochelewesha mradi kuliko kitu kingine chochote. Anza nao kabla hujaajiri mtu.

Data ikifika, kabla ya kuhesabu chochote amua unahesabu nini. Simu kumi za ajali moja ni tukio moja. Tukio moja lenye magari matatu ni mistari mitatu kwenye jedwali la magari. Tumeona taarifa zilizochapishwa ambamo mzigo umekuzwa mara mbili au tatu kwa sababu mtu aliunganisha majedwali hayo mawili na asiondoe marudio. Toa matukio yaliyoanzishwa na askari mwenyewe na uyaweke pembeni (usiyafute, utayahitaji baadaye), toa namba zilizobofywa kimakosa, simu za majaribio na kengele za majengo. Kisha angalia kama jedwali la misimbo lilibadilishwa katikati ya kipindi. Ukiona msimbo uliokuwa na mamia ya matukio kwa mwezi unashuka hadi sifuri ghafla, watu hawakupona siku hiyo. Msimbo umefutwa au umebadilishwa jina. Muulize msimamizi mkongwe wa chumba cha simu, atakuambia tarehe bila kufungua faili.

Baada ya hapo gawa misimbo katika makapu matatu. Kapu la kwanza ni la wazi: anayetaka kujiua, mtu aliyevurugikiwa, na kwa upande wa magari ya wagonjwa, itifaki namba 25 ya MPDS, mfumo wa maswali ya kupokelea simu za wagonjwa, ambayo ndiyo ya maradhi ya akili, tabia isiyo ya kawaida na kujaribu kujiua. Kapu la pili ni la mchanganyiko: kumjulia hali mtu, fujo, mtu asiyetakiwa, kuingia bila ruhusa, mtu wa kutiliwa shaka, mlevi, kumsaidia raia, ugomvi wa kifamilia usio na kupigana, kelele, na kwa upande wa tiba, mgonjwa wa kawaida na tatizo lisilojulikana. Kapu la tatu ni wizi, ajali, moto na kadhalika. Kugawa huku kufanywe na watu wanaopokea simu, kwenye meza moja na mtu wa takwimu. Msimbo uleule katika miji miwili hutumika kwa mambo tofauti kabisa, na orodha ya kuazima kutoka mji mwingine itakupoteza.

Kazi yenyewe iko kwenye kapu la pili, na haina njia ya mkato: lazima watu wasome. Chukua sampuli ya bahati nasibu kutoka kila msimbo wa kapu hilo. Matukio 100 kwa msimbo mmoja yanakupa makadirio yenye kosa la takriban pointi 10 juu au chini. Ukitaka pointi 5 unahitaji karibu 385. Tuseme msimbo wa kumjulia hali una matukio 6,000 kwa mwaka, umesoma 100, na 38 yana dalili za wazi za shida ya akili. Makadirio ni 2,280 kwa mwaka, na ukweli uko mahali fulani kati ya 1,700 na 2,850. Peleka kikaoni namba zote tatu. Mjumbe anayepewa namba moja ataikumbuka hiyo moja na atakushtaki nayo mwakani.

Dodoso la kusomea liwe fupi. Je, kuna dalili za shida ya akili au za mihadarati? Je, kuna dalili ya kujidhuru? Silaha imetajwa, na kama imetajwa, je, imeonekana au imekisiwa? Je, kuna mtu anayepigwa au kutishiwa sasa hivi? Je, kuna jeraha au dawa zilizomezwa? Nani amepiga? Iliishaje: walizungumza, alipelekwa, alikamatwa, au hawakumkuta? Kila tukio lisomwe na watu wawili bila kuonana, mmoja anayejua kazi ya askari na mwingine mhudumu wa afya ya akili, kisha linganisha majibu kwa kappa, kipimo cha jinsi wasomaji wawili wanavyokubaliana kupita bahati tu. Chini ya 0.6 maana yake dodoso lenyewe halieleweki, basi rekebisheni maswali na muanze upya. Swali linalogawa watu kila mara ni la silaha. Askari anasoma "ana kisu jikoni" na kuandika silaha. Mhudumu anasoma maneno yaleyale na kuona jiko la kawaida. Wasikilizwe wote, kwa sababu mabishano yao yatakuwa kanuni ya kutuma timu baadaye.

Wapo wanaotaka kuruka usomaji na kutafuta maneno kwa kompyuta. Utafutaji unasaidia ukija baada ya usomaji, kwa sababu wasomaji ndio wanaogundua vifupisho vya chumba chenu: 5150 huko California na Baker Act huko Florida (sheria za kumshikilia mgonjwa wa akili kwa lazima), EDP huko New York (mtu aliyevurugikiwa), SI kwa mawazo ya kujiua. Tatizo kubwa la kompyuta ni ukanushi. "Hana silaha" na "anakana mawazo ya kujiua" yana maneno yaleyale ambayo programu inayatafuta, nayo itayahesabu kama ndiyo. Pima kila orodha ya maneno kwa kusoma matukio 100 iliyoyakamata na 100 iliyoyaacha. Kundi la pili ndilo watu hulisahau, na ndilo linaloonyesha unakosa nini.

Ukishajua ni matukio mangapi, bado hujajua unahitaji timu ngapi. Hapa ndipo mipango mingi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kinachojaza siku ya timu ni idadi ya ziara mara muda wa kila ziara, na muda huo unajumuisha safari, mazungumzo, kumpeleka mtu anakokwenda na kuandika rekodi. Usitumie muda wa askari kama ulivyo. Mhudumu anayefanya kazi yake vizuri hukaa na mtu muda mrefu kuliko askari anayesukumwa na foleni, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Usitumie wastani peke yake pia, kwa kuwa ziara chache za saa sita zinauvuta juu, na saa ambazo askari alisahau kubonyeza kitufe cha "niko huru" zinauharibu kabisa. Angalia thamani ya katikati, halafu angalia muda ambao ziara tisa kati ya kumi huwa zimekwisha. Saa hasi, saa sifuri, na ziara iliyoishia sawasawa na mwisho wa zamu zichunguzwe moja moja.

Sasa hesabu ya msongamano. Tuseme katika zamu ya saa 12 mnatarajia ziara 10, kila moja dakika 72. Hizo ni saa 12 za kazi ndani ya saa 12, na mhasibu atasema timu moja imejaa vizuri. Lakini simu hazipangi foleni zikafika moja baada ya nyingine. Zinakuja ovyo. Kwa mzigo huo, kama simu inayokuta timu iko kazini inakwenda kwa polisi papo hapo, timu moja itakosa nusu ya simu. Timu mbili zitakosa asilimia 20. Timu tatu zitakosa karibu asilimia 6. Mzigo ukiwa nusu ya huo, yaani ziara 5, timu moja bado inakosa theluthi nzima, na mbili zinakosa takriban asilimia 8. Ni fomula ya Erlang, ileile iliyotumika kupanga laini za simu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na inaingia kwenye seli moja ya Excel. Ipelekwe kwenye kila kikao cha bajeti. Timu inayoonekana "haina kazi" nusu ya muda ndiyo timu iliyo tayari kuitikia, kama kikosi cha zimamoto, ambacho hakuna anayekihesabia saa za kukaa kituoni.

Halafu watu wenyewe. Kiti kimoja cha saa 24 kwa siku 7 ni saa 168 kwa wiki. Kwa wiki ya kazi ya saa 40, ni watu 4.2 kabla ya likizo, ugonjwa na mafunzo, kwa hiyo karibu 5. Timu ya watu wawili ni watu 10. Timu mbili usiku na mchana ni 20. Mji ukiona namba hiyo hukimbilia zamu ya ofisi, Jumatatu hadi Ijumaa. Kabla ya kukubali, chora jedwali la saa 24 kwa siku 7, uweke matukio yanayofaa (siyo yote) kwenye kila seli, na uangalie ni sehemu gani ya mzigo iko nje ya zamu inayopendekezwa. Kuna suala la fedha pia: sheria ya American Rescue Plan ya 2021 ilipandisha hadi asilimia 85 mchango wa serikali kuu kwa majimbo kupitia Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, kwa huduma za timu tembezi za dharura, kwa robo 12 za mwaka, lakini kwa sharti kwamba huduma ipatikane saa 24 kila siku. Zamu ya mchana tu haikidhi sharti hilo yenyewe. Kama hamna watu wa usiku, tafuteni kaunti jirani mgawane zamu kabla hamjatangaza chochote.

Matokeo ya "hawakumkuta" yanastahili jicho la pekee. Yakiwa mengi kwenye msimbo fulani, tazama muda kati ya kupokelewa na kufika. Mtu anayetembea barabarani akiongea peke yake hatakungoja dakika 50. Kwa matukio kama hayo, mshauri aliyekaa ndani ya chumba cha 911, anayechukua simu na kumpigia mpigaji mara moja, huokoa zaidi kuliko gari. Houston ina washauri wa aina hiyo, na Austin tangu 2021 mpokea simu humwuliza mpigaji tangu mwanzo kama anahitaji polisi, zimamoto, gari la wagonjwa au huduma ya afya ya akili. Mabadiliko hayo ya Austin hayakuhitaji gari hata moja, na yanasahihisha data kwenye chanzo chake.

Mahali nako kuna mitego. Ukichora ramani ya joto utaona madoa mekundu, na mara nyingi doa ni anwani moja: nyumba ya kulea watu wazima, makazi ya wasio na makao, mapokezi ya hospitali. Mpigaji hapo ni mfanyakazi anayefuata kanuni ya mwajiri wake inayomtaka apige 911 kila mkazi anapopandisha sauti. Kikao cha nusu siku na menejimenti ya jengo hilo kinaweza kupunguza simu nyingi kuliko timu nzima. Tofautisha anwani inayorudia na mtu anayerudia, kwa sababu tiba zake ni tofauti: moja ni kanuni ya jengo, nyingine ni mhudumu wa kudumu anayemfuatilia mtu huyo. Orodha ya watu wanaorudia isizunguke kwa barua pepe wala isichapishwe. Katika taarifa ya umma, seli yenye matukio chini ya 11 ifichwe, kama ilivyo desturi ya data za Medicare, bima ya serikali ya wazee, na pasiwe na ramani inayoonyesha nyumba ya mtu.

Na ramani hiyo ni ya waliopiga simu. Mtaa ambao watu wake wanaogopa kwamba askari atafika na mtoto wao atakufa, au kwamba mtu atauliza karatasi za uhamiaji, utaonekana mweupe, na mpangaji asiye makini ataupa huduma kidogo. Weka kando ya data ya 911 idadi ya waliofikishwa hospitali kwa lazima, waliofika wenyewe kwenye idara za dharura, waliopelekwa jela kwa makosa madogo, na simu za 988, laini ya taifa ya wanaotaka kujiua au waliozidiwa kiakili. Mtaa wenye simu chache za 911 na watu wengi wanaofika hospitali wakiwa wamezidiwa unahitaji kufikiwa kwanza. Kuhusu 988, iliyoanza Julai 2022, kuna tahadhari mbili. Ilipoanza, simu zilielekezwa kwa kufuata msimbo wa eneo wa namba ya mpigaji na wala si mahali alipo, na kampuni za simu za mkononi zilianza kubadilisha hilo mwaka 2024. Kwa hiyo hesabu za zamani za kituo chenu zina watu waliohamia mbali wakabaki na namba zao, na zinawakosa wageni walioko mjini kwenu. Pia wanajeshi wa zamani wanaobonyeza 1 hupelekwa kwenye laini yao, hawamo kwenye hesabu ya kituo cha mtaa.

Ubishi mkubwa kuliko wote huwa wa asilimia: timu imeondolea polisi sehemu gani ya kazi? Eugene, Oregon, ndiyo mfano wa kuusoma. CAHOOTS, timu ya wahudumu wasio askari iliyoendeshwa na White Bird Clinic tangu 1989, ilijulikana kote kwa kushughulikia takriban asilimia 17 ya simu. Uchambuzi wa idara ya polisi ya mji huo kwa data za 2019 ulisema mzigo ulioondolewa kweli kwa polisi ni kati ya asilimia 5 na 8, kwa sababu nyingi kati ya zile 17 zilikuwa kazi ambazo askari hawangetumwa hata hivyo, kama kumsafirisha mtu au kumsaidia asiye na makao. Namba zote mbili zina maana. Ya kwanza inapima watu waliohudumiwa, ya pili inapima doria zilizookolewa, na kumpa mtu blanketi na safari ya kwenda kliniki ni kazi halali hata kama haikumwokolea askari dakika moja. Amueni mapema mtaahidi kipi. Wanaoahidi cha pili kwa kutumia namba ya cha kwanza huumbuka bajeti inapobana, na CAHOOTS wenyewe, pamoja na sifa zote, walisimamisha huduma ndani ya Eugene Aprili 2025.

Denver walianza kwa udogo Juni 2020: gari moja la timu yao iitwayo STAR, lenye mtaalamu wa afya ya akili na mhudumu wa dharura, katikati ya mji, siku za kazi, saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Katika miezi sita ya kwanza walikwenda kwenye matukio 748 na hakuna lililoishia kwa kukamatwa. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta taarifa za makosa madogo yanayolengwa zimepungua kwa asilimia 34 kwenye maeneo yaliyohudumiwa. Kwa mpangaji wa data, jambo la kuangalia ni misimbo waliyochagua: kumjulia hali, mtu asiyetakiwa, mlevi, kuomba msaada. Ni kapu la pili lilelile. Na sehemu nzuri ya matukio haikutoka 911 moja kwa moja: askari waliiita timu kutoka barabarani, na timu nayo ilisimama yenyewe ilipoona mtu. Matukio yale yaliyoanzishwa na askari, uliyoyaweka pembeni mwanzoni, sasa yarudishe mezani.

Yote haya yanaishia kwenye karatasi moja iliyobandikwa mbele ya mpokea simu. Karatasi ikisema "ukiwa na shaka, tuma polisi", timu haitatoka, kwa sababu mpokea simu huwa na shaka kila saa na jina lake ndilo litakalotajwa mambo yakiharibika. Mpe maswali yenye majibu: ana kitu mkononi sasa hivi, umekiona mwenyewe, amemgusa mtu, yuko wapi hasa, amemeza au amejikata, atakubali kuongea? Mpe pia barua ya idara inayosema kwamba akifuata karatasi, lawama ni ya idara. Chunguzeni tahadhari za anwani. Tahadhari ya "silaha" iliyowekwa miaka sita iliyopita kwa mpangaji aliyekwisha kuhama itazuia timu kwenda kwa bibi anayeishi hapo leo, na katika mifumo mingi tahadhari hizo hazina tarehe ya kuisha. Kabla ya gari kutoka, fanyeni mwezi mmoja wa majaribio makavu: polisi waendelee kutumwa, lakini mpokea simu aweke alama kwenye kila simu ambayo karatasi ingeipa timu. Mwisho wa mwezi linganisheni alama hizo na usomaji wa maelezo. Pengo mtakaloliona hapo ni rahisi kulirekebisha kuliko baada ya uzinduzi.

Timu ikishaanza, hesabu hatua nne kila wiki: simu zilizofaa, zilizotumiwa timu, timu ilizofika, na zilizoisha bila polisi, hospitali wala jela. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili ni la mpokea simu, kati ya ya pili na ya tatu ni la idadi ya magari, na kati ya ya tatu na ya nne ni la mahali pa kumpeleka mtu. Ongeza waliopiga tena ndani ya siku 30, na mara ambazo timu iliita polisi wa kuwasaidia. Msishangae msimbo wa afya ya akili ukipanda ghafla mwezi wa kwanza: wapokea simu sasa wana sababu ya kuutumia, na ndiyo maana mwaka wa msingi lazima uwe umesomwa kwa maelezo. Kila wiki chukueni simu kumi zilizofaa lakini zikaenda kwa polisi, kaeni na wapokea simu wawili, askari mmoja, mhudumu mmoja na mtu aliyewahi kupitia dharura hizo mwenyewe, msikilize sauti za simu zenyewe pamoja na kusoma maandishi, kisha mbadilishe mstari mmoja wa karatasi na kuandika tarehe ya mabadiliko hayo kwenye faili la data.